Kabla Hujanunua Joistiki, Uliza Kama Inafunguka

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Usemi huo una ukweli wake shambani, kwa maana mvivu hulaumu mpini huku magugu yakisonga mahindi yake. Lakini jembe hununuliwa kwa fedha kidogo, na mpini ukivunjika hukatwa mwingine siku ile ile. Chombo tunachokizungumzia leo si cha namna hiyo. Chaweza kumeza sehemu kubwa ya mshahara wa konstebo au wa askari wa cheo cha chini, na kikiharibika aghalabu hakuna mti wa kukata mpini mwingine. Kwa chombo kama hicho, asiyechagua ndiye asiye mkulima.

Chombo chenyewe ni joistiki ya mezani, yaani lile sanduku lenye kijiti upande wa kushoto na safu mbili za vitufe upande wa kulia, ambalo hutumika kuchezea michezo ya mapigano katika televisheni au kompyuta. Michezo hiyo, kama vile Tekken, Street Fighter na Mortal Kombat, si migeni tena kwa vijana wa Afrika Mashariki. Katika miji mingi vimo vibanda vya gemu ambamo wachezaji wawili hukaa bega kwa bega mbele ya televisheni moja, na nyuma yao wakasimama wengine wakingojea zamu.

Kwa askari na polisi walio mpakani, mchezo wa namna hii una manufaa yake. Busia ni mji mmoja wenye jina moja, lakini nusu yake imo Kenya na nusu imo Uganda. Tororo iko kaskazini yake, chini ya lile jabali lake maarufu, penye reli na kiwanda cha saruji, na karibu nayo ni Malaba, mlango mwingine wa mpaka. Katika miji hii watu wenye sare ni wengi, na kazi yao ni ya zamu. Mmoja anapoamka mwenzake ndipo anapolala. Kukusanya wachezaji 22 wa kandanda kwa saa moja ni kazi ngumu, lakini kupata watu wawili na nusu saa ni jambo jepesi. Pambano moja la Tekken huisha kwa dakika chache, na mshindi hujulikana bila refa.

Maadamu burudani hii imeingia katika vyumba vyetu vya mapumziko, yafaa tuifahamu kama tunavyofahamu zana nyingine. Makala hii inakusudia kumweleza askari joistiki ni kitu gani, sehemu zake hufanyaje kazi, ni ipi imfaayo, na ni mitego gani anayoweza kukutana nayo anapoinunua.

ASILI YA KIJITI

Michezo ya mapigano ilizaliwa katika mashine kubwa zilizosimamishwa katika kumbi za burudani za Japani na Marekani, ambamo mchezaji alitumbukiza sarafu ndipo acheze. Kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Street Fighter mwaka 1987, kisha Street Fighter II mwaka 1991, na mchezo huo wa pili ndio uliowafanya watu wasimame foleni. Mortal Kombat ulitoka Marekani mwaka 1992, na Tekken ukatolewa na kampuni ya Namco ya Japani mwaka 1994. Mashine zile zote zilikuwa na kijiti na vitufe vilivyofungwa kwenye ubao wake. Joistiki ya leo ni ubao ule ule uliokatwa kutoka mashine kubwa, ukapewa waya, na kupelekwa nyumbani.

Kwetu sisi mambo yalikwenda njia nyingine. Wengi wa vijana wetu hawakuanza na mashine za sarafu, bali walianza na PlayStation, na hasa PlayStation 2 iliyotolewa mwaka 2000. Mashine hiyo huja na padi, yaani kile kidhibiti kidogo kishikwacho kwa mikono miwili ambacho kidole gumba cha kushoto huongoza mwendo. Kwa hiyo mchezaji wa Busia aliyezoea padi kwa miaka 10 anapoona picha za mabingwa wa Japani wakiwa na masanduku mapajani, hudhani ya kuwa siri ya ushindi wao imo sandukuni.

Dhana hiyo yafaa ivunjwe mapema, kabla fedha haijatoka mfukoni.

Mwaka 2014, katika mashindano makuu ya michezo ya mapigano yaitwayo Evo, yafanyikayo Marekani, bingwa wa Street Fighter alikuwa Mfaransa Olivier Hay, ajulikanaye kwa jina la Luffy. Alishinda kwa kutumia padi ya PlayStation ya kwanza, chombo ambacho wengine walikwisha kukitupa stoo. Kwa upande mwingine, Daigo Umehara wa Japani ni mtu wa kijiti. Katika Evo ya mwaka 2004 alibakiza uhai kiasi cha nywele, kisha akayakinga mapigo 15 mfululizo ya Justin Wong wa Marekani, moja baada ya jingine, akageuza pambano na kushinda. Kinga ile hutazamwa hadi leo. Lakini wachache hukumbuka kwamba katika fainali ya siku ile Umehara alishindwa na Mjapani mwenzake. Padi iliwahi kutwaa ubingwa, na kijiti hodari kuliko vyote kiliwahi kurudi bila kombe.

Wala umbali na miji mikubwa si kizuizi. Arslan Siddique, kijana wa Lahore nchini Pakistani aitwaye Arslan Ash, alishinda Tekken katika Evo ya Japani na Evo ya Marekani mwaka mmoja, 2019, ilhali kabla ya hapo nchi yake haikutajwa miongoni mwa mabingwa. Karibu na sisi, Mkenya Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya kigeni mwaka 2018 kwa ustadi wake wa Tekken. Hao walitangulia kufanya mazoezi, na vifaa vikafuata.

Kwa nini basi mtu anunue joistiki? Ziko sababu tatu za haki. Ya kwanza ni mkono: wapo watu ambao kidole gumba chao huuma au hupata malengelenge kwa padi, lakini kiganja kizima hakichoki. Ya pili ni vitufe: kwenye joistiki kila kidole cha mkono wa kulia kina kitufe chake, wala gumba moja halibebi kazi ya vidole vinne. Ya tatu ni uimara: joistiki njema hutengenezeka, ilhali padi nyingi zikichoka hutupwa. Sababu hiyo ya tatu ndiyo nzito kupita zote kwa mtu akaaye mbali na maduka makubwa, na ndiyo kiini cha makala hii.

VIUNGO VYA CHOMBO

Kila askari alifundishwa kufungua bunduki yake, kuisafisha na kuifunga tena, hata gizani. Hafundishwi hivyo kwa ajili ya mapambo. Silaha usiyoweza kuifungua si yako, bali ni ya fundi aliye mbali. Joistiki ni hivyo hivyo. Ukiifungua kwa bisibisi utaona vitu vinne tu: kijiti na mtambo wake, vitufe, bodi ndogo ya umeme, na nyaya zinazoviunganisha.

Kijiti cha Kijapani hukaa juu ya springi, na kuzunguka shina lake zimo swichi ndogo nne, za juu, chini, kushoto na kulia. Ukikisukuma chini, shina hubonyeza swichi ya chini. Ukikisukuma pembeni, yaani chini na mbele kwa pamoja, swichi mbili hubonyezwa mara moja. Ukikiachia, springi hukirudisha katikati. Kwa namna hiyo mchezo hutambua pande nane kwa swichi nne. Pigo maarufu la Street Fighter, lile la kurusha moto kwa viganja, hutolewa kwa kuzungusha kijiti robo ya duara kutoka chini hadi mbele, kisha kubonyeza kitufe cha ngumi. Ukikosa ile pembe ya katikati, moto hautoki, na adui anakukuta mikono mitupu.

Chini ya mtambo liko bamba lenye tundu linalokizuia kijiti kisipite mpaka. Umbo la tundu hilo ni jambo la kuuliza. Likiwa la mraba, kijiti huangukia kwenye kona, na kona hizo ndizo pembe zile ngumu. Likiwa na pande nane, mkono huhisi kila upande kama ngazi. Vijiti vya Korea Kusini ni vya aina nyingine: mpaka wao ni wa duara, na badala ya springi hutumia raba nene ivutayo kijiti kirudi katikati kwa nguvu. Wachezaji wengi wa Tekken huvipenda vijiti vya Kikorea, kwa sababu Tekken hudai mchezaji arudi katikati upesi na kusukuma tena. Kwa Street Fighter, wengi hutumia cha Kijapani chenye mraba. Hakuna sheria hapa. Anayesema umbo moja ni bora kwa watu wote, huyo anauza.

Katika majina ya watengenezaji, Sanwa na Seimitsu wa Japani ndio walio mashuhuri. Kijiti cha Sanwa kiitwacho JLF kimeenea mno, hata watengenezaji wengine hutengeneza masanduku yao yakiwa na matundu ya skrubu yanayokikubali. Vitufe vikubwa vya Kijapani vina kipenyo cha milimita 30, na vidogo vya kuanzishia mchezo vina milimita 24. Vipimo hivi viwili ni vya kukariri kama namba yako ya kazi. Chombo chenye vitufe vya milimita 30 chaweza kupewa vitufe vipya kutoka popote duniani. Chenye vitufe vya kipimo chake peke yake, siku kimoja kitakapokwama, chombo kizima kimekufa.

Hesabu ya vitufe nayo itazamwe. Tekken hutumia vinne vya msingi, kila kimoja kikiwa kiungo kimoja cha mwili, yaani mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto na mguu wa kulia. Street Fighter hutumia sita, ngumi tatu na mateke matatu, kuanzia jepesi hadi zito. Joistiki nyingi zina vinane, na hivyo zatosha kwa michezo yote hiyo. Usilipie zaidi kwa ajili ya taa za rangi.

Ipo pia aina isiyo na kijiti kabisa, ambayo pande zote huongozwa kwa vitufe. Hii ni nyepesi kwa vidole na ya haraka mno, lakini inao utata wake: mchezaji aweza kubonyeza kushoto na kulia kwa wakati mmoja, jambo ambalo kijiti hakiwezi. Kwa sababu hiyo waandaaji wa mashindano huweka kanuni kuhusu namna chombo hicho kinavyopaswa kuitikia. Anayeanza sasa aweza kukichagua, mradi asome kanuni za mashindano anayoyaendea.

JE, ITAKUBALIWA NA MASHINE YAKO?

Hapa ndipo fedha za wengi hupotelea. Joistiki yaweza kuwa nzuri, ya Kijapani halisi, na bado isifanye kazi hata kidogo katika mashine uliyo nayo.

Joistiki nyingi za sasa huunganishwa kwa waya wa USB, lakini matundu ya PlayStation 2 ya kuchomekea padi ni ya umbo jingine. PlayStation 4 hukiuliza chombo kitambulisho chake, na kisicho na kitambulisho hicho hukatwa baada ya kama dakika 8, sawasawa na mlinzi wa lango anayekuruhusu kusimama kidogo na kisha kukufukuza. Joistiki za PlayStation 4 hukubaliwa na baadhi ya michezo ya PlayStation 5 na kukataliwa na mingine. Kompyuta ndiyo mpole kuliko zote, maana hupokea karibu kila joistiki ya USB. Viko vifaa vidogo vya kugeuzia, kama vile vya Brook, ambavyo huifanya joistiki moja ikubaliwe na mashine nyingine, lakini hiyo ni gharama ya pili ambayo muuzaji haitaji.

Kwa hiyo kanuni ni moja. Usinunue kwa kusoma maandishi ya sanduku. Chukua joistiki, ichomeke katika mashine ya aina ile ile uliyo nayo, weka mchezo ule ule unaoucheza, na ucheze zaidi ya dakika 10. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mshukuru na uende zako.

Jambo jingine ni waya. Michezo hii huonyesha picha 60 kwa kila sekunde, na pigo moja laweza kukingwa ndani ya picha chache tu. Kila kuchelewa kwa umeme ni adui. Joistiki ya waya ni salama kuliko isiyo na waya. Tena kabla hujailaumu joistiki kwa uzito, tazama televisheni yenyewe: nyingi za kisasa huchelewesha picha zinapoipamba, na ndani yake limo chaguo la hali ya michezo ambalo hupunguza kuchelewa huko. Kulichagua hakuna gharama yoyote.

KUNUNUA MPAKANI

Watu wa Busia na Malaba wana bahati ambayo wa bara hawana, nayo ni kwamba masoko mawili yamo mguuni pao. Bidhaa zitokazo bandari ya Mombasa hupita hapa zikielekea Kampala na mbele zaidi, na bei ya upande mmoja huweza kutofautiana na ya upande wa pili. Lakini bahati hiyo ina masharti.

Kwanza, badili fedha kichwani kabla ya kubadili mkononi. Shilingi ya Kenya na shilingi ya Uganda zina jina moja tu, thamani zake ni mbali kabisa. Bei inayoonekana ndogo kwa sababu tarakimu zake ni chache si lazima iwe ndogo.

Pili, jua sheria ya forodha. Kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mwezi Februari mwaka 2018, na msafiri hushughulikiwa na maofisa wa nchi zote mbili katika jengo moja. Aidha, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo, wenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Wengi hudhani utaratibu huo unahusu kila mzigo mdogo. Sivyo. Unahusu bidhaa zilizotengenezwa au kuzalishwa ndani ya Jumuiya. Joistiki iliyotoka Japani au China haimo, hata ikiwa moja na hata ikiwa mkobani. Itangazwe, ilipiwe inavyopaswa, na stakabadhi ihifadhiwe.

Najua wapo watakaosema kwamba njia za panya ni fupi. Lakini mtu aliyekabidhiwa kuzilinda njia hizo hawezi kupita humo na sanduku kwapani, kesho akamkamata mama mwenye debe la mahindi. Joistiki moja haina thamani ya sare.

Tatu, fikiria kurudi. Kitu kikiharibika wiki ya pili, je, muuzaji yuko upande gani, na zamu yako itakuruhusu kuvuka lini? Dhamana ya mwaka mmoja kwa duka usiloweza kulifikia ni karatasi tu.

Nne, pima uhalisi. Muuzaji atakuambia, "Afande, hii ni orijino kabisa." Usibishane naye. Mwombe bisibisi. Geuza sanduku na utazame: je, lina skrubu, au limegandishwa kwa gundi? Likifunguka, tazama kama nyaya zimechomekwa kwenye vitufe kwa vishikizo vinavyochomoka kwa vidole, au zimelehemiwa moja kwa moja. Vishikizo ni heri, maana kitufe kibovu huchomolewa na kipya kikaingia kwa dakika mbili. Kisha kisukume kijiti pande zote nane huku ukisikiliza. Kila upande utoe mlio safi, na kikiachiwa kirudi katikati pasipo kuyumba. Bonyeza kila kitufe kwa ukingo wake, si katikati tu, kwa kuwa kibovu hukwama kikibonyezwa ukingoni. Mwisho, iweke mezani na uicheze kwa nguvu. Ikiteleza kama sabuni, ni nyepesi mno.

NJIA YA TATU: SEREMALA

Ikiwa joistiki kamili ya daraja la juu imekushinda bei, usikimbilie ile ya gundi. Iko njia ya tatu, nayo huwafaa hasa watu wa miji yenye mafundi kama yetu.

Katika maduka ya nje, kijiti cha Sanwa huuzwa kwa kama dola 25, na kitufe kimoja kwa kama dola 3. Vitufe vinane ni dola 24, na pamoja na kijiti ni dola 49, bila kuhesabu usafirishaji na ushuru. Bodi ya umeme yaweza kuwa Raspberry Pi Pico, ambayo ilitolewa mwaka 2021 kwa bei ya dola 4, na programu ya kuiendesha, iitwayo GP2040-CE, hutolewa bure. Kilichobaki ni sanduku, na sanduku ni kazi ya seremala. Joistiki kamili za daraja la juu huvuka dola 200, kwa hiyo tofauti ni kubwa hata baada ya gharama za njiani.

Mpelekee seremala vipimo vilivyoandikwa. Matundu ya vitufe yawe milimita 30, na la kijiti liwe kama milimita 24. Ubao wa juu uangaliwe: vitufe vya kubana huhitaji bamba jembamba la milimita chache, ama sivyo havishiki. Kwa plaiwudi nene tumia vitufe vya kukaza kwa nati. Sanduku liwe pana kiasi cha kutulia mapajani, na zito kiasi cha kutoteleza. Sehemu ya chini ifungwe kwa skrubu, kamwe isifungwe kwa misumari. Fundi wa redio aweza kuunganisha nyaya, na ukikaa karibu naye ukatazama, siku nyingine utafanya mwenyewe. Kumbuka tu kwamba chombo cha namna hii hufanya kazi vizuri katika kompyuta, lakini katika PlayStation kitakutana na yule mlinzi wa lango tuliyemtaja.

UTUNZAJI NA ADABU YA KAMBINI

Vumbi letu jekundu halijui cheo. Huingia kwenye mtambo wa kijiti likachanganyika na mafuta na kuwa tope. Kila baada ya miezi michache fungua, pangusa kwa kitambaa kikavu, na utie grisi kidogo sana kwenye shina. Usinyunyizie mafuta ya mashine kwenye swichi.

Tororo inajulikana tangu zamani kwa wingi wa ngurumo zake, na radi haichagui nyumba. Mawingu yakikusanyika juu ya jabali, chomoa televisheni na mashine ukutani, usitosheke na kuzima tu. Joistiki hupokea umeme wake kutoka kwenye mashine, na mashine ikipigwa vyote huenda pamoja.

Kisha kuna majirani. Vitufe hulia tak-tak usiku kucha, na katika chumba cha watu wanne yupo aliyetoka doria alfajiri. Viko vitufe vya kimya na pedi ndogo za kupunguza mlio. Anayecheza chumbani avitumie, au acheze katika chumba cha burudani na kwa saa zilizowekwa. Pambano lililoshindwa laweza kurudiwa kesho, lakini mlinzi aliyesinzia langoni kwa kukosa usingizi hana marudio.

Heri zaidi ni kununua kwa pamoja. Watu 10 wa messi moja wakichanga kidogo kidogo, wataweza kununua joistiki mbili nzuri na bisibisi moja, na hakuna mshahara wa mtu utakaotoboka. Mbili ni lazima, kwa sababu kumpa mmoja kijiti na mwenzake padi mbovu ni kuanzisha ugomvi. Daftari la zamu liwekwe, na mtunza vifaa achaguliwe.

Neno la tahadhari halina budi kusemwa hapa. Katika miji yetu zimekuwako mashine nyingine zenye vitufe na taa, zile za kamari zimezazo sarafu. Kwa macho zinafanana na mashine za zamani za michezo ya mapigano, lakini ni vitu viwili. Katika Tekken, anayeshindwa leo huweza kujifunza na kushinda kesho, kwa kuwa matokeo yamo mikononi mwake na ya mpinzani wake. Katika mashine ya kamari, matokeo huamuliwa na bahati, na mashine imepangwa ili mwenye nayo afaidike. Mazoezi ya mwaka mzima hayabadilishi kitu. Askari asikubali kuambiwa ni mchezo mmoja.

Na aliyenunua, asitarajie miujiza. Aliyezoea padi atashindwa na wadogo zake kwa majuma kadhaa, maana mkono wa kushoto hujifunza upya kama kuruta kwenye gwaride. Aanze na kutembea mbele na nyuma, kisha robo duara 20 upande wa kulia na 20 upande wa kushoto kila siku, ndipo aongeze mengine. Ikiwa baada ya miezi miwili mkono bado unaitamani padi, hakuna aibu. Aiuze joistiki kwa mwenye kuihitaji, naye arudie padi kama yule Mfaransa bingwa.

Basi, ndugu askari na ndugu polisi, rangi ya sanduku, taa zake na jina lililochapwa juu yake viwe vya mwisho kutazamwa. Uliza kwanza kama inafunguka, kama viungo vyake vina vipimo vya kawaida, kama mashine yako inaikubali, na kama mshahara unabaki wa kulisha nyumba. Majibu yote manne yakiwa ya ndiyo, nunua. Moja likiwa la hapana, endelea na padi yako na ufanye mazoezi. Bisibisi itangulie, pochi ifuate.